Neno Lililobaki kwa Mwalimu Sévère

Tangu mvua za mwezi wa nne Pudentienne hakulala bila kitambaa kichwani. Alipika nacho, alifua nacho, alikwenda misa nacho, na akiingia kuoga alisogeza bati mlangoni na kuliwekea ndoo ya maji lisije likafunguka. Chini ya kitambaa hicho kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa wembe, kama anavyonyolewa mama aliyefiwa siku matanga yanapokwisha. Mtoto wake wa kwanza, Espoir, alikuwa amekufa, na mume wake, aliyelala naye kitanda kimoja, hakutakiwa kujua. Ukoo ulikuwa umeamua hivyo. Mgonjwa hapewi habari ya kifo, na Sévère alikuwa mgonjwa kweli, daktari alisema mshituko mmoja tu ungeweza kummaliza.

Niseme kwanza huyo Sévère ni nani, maana nusu ya Uvira inamjua kwa jina lingine kabisa. Alifundisha Kiingereza: asubuhi shuleni, alasiri nyumbani kwake Nyamianda, kwenye kibaraza chenye ubao mmoja mweusi na viti vya kuazima parokiani. Waliokuja alasiri walikuwa watu wazima, wabadilisha pesa wa Kavimvira, wanawake wa vitenge waliotaka kufika Kampala, vijana waliotafuta kazi kwenye mashirika. Walikuja wakitegemea vitabu. Yeye aliandika ubaoni neno moja, get, akawaambia hawatapewa la pili mpaka hilo waliishe.

Walicheka, na wengine hawakurudi. Waliobaki walielezwa kwamba neno hilo ni kama sufuria ya nyumba yenye sufuria moja, asubuhi chai, mchana maharage, jioni maji ya kumuogesha mtoto. Kupata ni get. Kuleta ni get. Kufika nyumbani, kupona, kuzeeka, kulowa, kuamka kitandani, kuteremka kwenye gari, kuelewa anachokwambia mwenzako, vyote humo humo. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta get moja ya kutoka kwenye kazi yake mwenyewe, na watu wazima wenye ndevu wakabishana juu yake hadi jua linaingia nyuma ya milima. Kiangazi kizima kilipita wako kwenye neno moja. Ndipo wakamwita Mwalimu Get, na hakukasirika hata kidogo. Jina alilopewa na padri, ambalo kwa Kifaransa ni mtu mkali, halikuwahi kumfaa. Ukali huo aliukosa tangu utoto.

Pudentienne hakujifunza. Alipita nyuma yao na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, akawa analalamika kwa jirani yake Libérate, muuza mandazi, kwamba watu na akili zao wanapiga kelele kwa neno moja wiki nzima. Sévère alimsikia na kumjibu kutoka ubaoni: "Mama Espoir, hata weye unapika kila siku, na chumvi ni ile ile moja." Alimwita hivyo tangu kijana alipozaliwa. Mtaa mzima ulimwita hivyo. Jina la Pudentienne lilibaki kwenye karatasi za ubatizo.

Halafu mwaka jana, asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, Sévère alianguka. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno. Kirundi cha mama yake kikaenda, Kiswahili kikaenda, Kifaransa alichojivunia kikaenda. Wiki za hospitali zilipopita na ulimi ukaanza kugeuka, kilichotoka mdomoni kilikuwa get. Akitaka maji, get. Akiumwa, get. Daktari alieleza kwamba jambo hilo hutokea, ubongo ukiumia mtu anaweza kubakiwa na neno moja tu, lakini anaelewa kila kitu anachosikia. Hiyo sehemu ya pili watu waliisahau kabla hawajafika kwenye geti la hospitali. Waliokuja kumsalimia waliongea mbele yake kama unavyoongea mbele ya kabati.

Pudentienne, aliyekuwa akilichukia neno hilo, sasa ikambidi alijue. Get fupi, ya kooni, ilikuwa maji. Ile ya kuvuta mwishoni ilikuwa mto wa kulalia umeteleza. Mbili za haraka, chombo cha mkojo, na usichelewe. Ilikuwapo pia moja ya chini, ya saa za jioni, akiwa ameelekeza macho mlangoni. Hiyo ilikuwa: Espoir amerudi?

Espoir aliliweza somo hilo kuliko wote. Alikuwa dereva wa pikipiki ya abiria, moto kama tunavyosema huku, na siku nzima alipanda na kushuka kati ya soko na mpaka wa Kavimvira. Jioni alikaa kitandani kwa baba yake akiwa bado na vumbi, wakapiga stori.

"Papa, leo nimebeba mama mumoja na mbuzi wake."

"Get."

"Ndiyo, mbuzi alikaa katikati. Polisi wakamusalimia mbuzi, miye wakaniacha."

"Get, get," alisema mzee, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, na mate yakimtoka, na Espoir akimfuta kwa kiganja bila kukatiza stori. Pudentienne aliwasikiliza kutoka jikoni na akashukuru Mungu kwa hicho kidogo kilichobaki.

Ikafika ile wiki ya mwezi wa nne. Dawa ya Sévère ya tension, ile presha ya damu, ilikwisha, na farmasi za Uvira siku zile hazikuwa nayo. Sévère alichukua boksi tupu kwa mkono wa kushoto, akalinyanyua mbele ya kijana wake, akasema get. Espoir akacheka. "Hiyo moja nimeielewa, papa. Nitaileta." Akawasha moto, akavuka mpaka, akaenda kuitafuta Bujumbura.

Huko juu milimani mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Aliporudi, upande huu wa mpaka, mto unaokata barabara ulishuka ghafla na mawe yake, kama unavyofanya, ukamkuta katikati. Moto ilionekana jioni hiyo hiyo. Yeye walimpata kesho yake, huko chini karibu na ziwa. Ndani ya koti lake, kwenye mfuko wa kifuani, walikuta dawa, imefungwa kwenye nailoni mbili na kila moja ina fundo lake. Ilikuwa kavu kabisa. Walimkabidhi Pudentienne, naye akaiweka chini ya vitenge vyake ndani ya sanduku na kufunga, kwa sababu hakuweza kuitupa wala kuitazama.

Kilio kilikaliwa Kavimvira, kwa Ngendakumana, mdogo wake Sévère, anayefanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu kwenye douane, forodhani pale mpakani. Ndiye aliyeamua, na wazee wakamuunga mkono.

"Shemeji," alimwambia Pudentienne, "tukimuambia leo, tutazika wawili. Na akijua kijana alikufa kwa kumutafutia dawa, hapo ndiyo kabisa. Tunyamaze mpaka apate nguvu."

Pudentienne alikubali. Angefanya nini? Kichwa kilikuwa kinamuuma na alikuwa hajala. Sévère aliambiwa kwamba mke wake amekwenda kukaa kilio cha watu wa Kavimvira, jambo ambalo hata halikuwa uongo, na kwamba Espoir ameitwa ghafla Kalemie, amepata kazi kwenye bateau, meli ya mizigo. Simu yake imeanguka ziwani. Victoire, binti yao wa shule, alinyoa na mama yake, lakini kichwa kifupi cha mwanafunzi hakimshangazi mtu. Pudentienne alirudi nyumbani na kitambaa.

Sasa huyo Ngendakumana. Mtu wa douane, mdomo wake una mafuta, na uongo ukishaanza kutembea kwake hausimami. Kila Jumapili baada ya misa alikuja, akavuta kiti, akampa kaka yake habari za Espoir. Jumapili ya kwanza kijana amepata kazi. Ya pili amepata chumba kizuri karibu na soko. Baadaye chef wake wa kazi anampenda sana, amepandishwa. Baadaye amenunua godoro. Mwishoni mwa mwezi wa tano Espoir akapata mchumba, binti wa watu wa heshima, anaimba kwaya.

"Get," alisema Sévère kila mara, taratibu, akimwangalia mdogo wake usoni.

"Unaona anavyofurahi," Ngendakumana alisema akiinuka. Alitafuta funguo kwenye mifuko yote, nazo zilikuwa mkononi mwake, lakini nani alimwangalia mikono?

Jikoni Victoire alisema, "Papa mudogo atamuzalisha yaya Espoir watoto kabla ya mwezi wa saba." Pudentienne akacheka. Walicheka wote wawili wakijiziba midomo kwa kitambaa cha vyombo, kisha kicheko kikageuka, na ikabidi Victoire atoke nje kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Na kulikuwa na tatizo lingine. Tangu wiki ile ile ya mwezi wa nne, Sévère alikataa dawa. Farmasi zilipata, Victoire akanunua, na kila asubuhi Pudentienne alimwekea kidonge kwenye mdomo, naye akafunga meno. Alikisaga kwenye uji, akautema. Alimbembeleza, alimgombeza, alilia mbele yake. Aligeuza uso ukutani. Muuguzi wa kituo cha afya, Noella, alikuja kumpima mkono, akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Mama, tension iko inapanda tu. Akiendelea vile, hatamaliza mwezi. Kwa nini mumemuacha?"

"Hatukumuacha. Anakataa mwenyewe."

"Basi mumuulize anakataa nini."

Mumuulize. Mtu wa neno moja. Pudentienne alikasirika, akamsindikiza hadi barabarani bila kusema asante. Usiku na mchana alilizungusha lile lile kichwani: asipomeza atakufa, akiambiwa ukweli atakufa, na katikati ya hivyo viwili yuko yeye na kitambaa chake. Alikuwa amechoka kumzika mtoto kwa siri. Hakuwa amelia hata mara moja kwa sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ngendakumana alipanga siku ya kuondoa kilio, kuufunga msiba kabisa, iwe Jumamosi, kwake, kimya kimya. Alhamisi ya wiki hiyo, mchana, Pudentienne alimtoa Sévère nje kwenye kibaraza, akamkalisha chini ya ubao wake wa zamani, akaanza kumuosha mikono. Libérate alipita na beseni la mandazi.

"Hodi, Mama Victoire. Papa ameamukaje?"

"Yuko hapo, jirani. Tunashukuru."

"Nawaachia mbili za moto," Libérate alisema, akaziweka kwenye sahani, akaenda zake.

Pudentienne alirudi kwenye vidole vya mume wake. Alikuwa anafuta kidole gumba aliposikia mkono wa kushoto ukipanda taratibu, ukapita bega lake, ukafika kichwani. Alidhani anataka kumshikilia ili asimame. Sévère akashika kitambaa kwa mbele na kukivuta.

Kikatoka. Nywele zilikuwa zimeota kidogo, urefu wa ukucha, na nyingi zilikuwa nyeupe. Pudentienne hakuthubutu kusogea. Alingoja zile sauti za mtu anayepasuka kichwa, alingoja aanguke, na midomo yake ilikuwa tayari kuita Victoire. Sévère aliweka kiganja juu ya nywele zile, akakiacha hapo. Kisha akasema get, ile ya chini, ya saa za jioni. Ila safari hii macho yake hayakwenda mlangoni. Yalikuwa kwake.

"Ulijua," Pudentienne alisema.

Sévère aliinua kidole, akakielekeza barabarani, kule Libérate alikopotelea.

"Libérate alikuambia?" Hasira ilimpanda. "Yule mwanamuke alikuja kukuambia?"

Sévère akatikisa kichwa. Akaelekeza kidole tena barabarani, kisha kwa mke wake, kifuani. Mara mbili. Mara tatu, kwa subira yake ya ubaoni, kama anayemngoja mwanafunzi mzito. Pudentienne akarudisha maneno ya Libérate moja moja. Hodi. Papa ameamukaje. Mbili za moto. Hodi, Mama Victoire.

Hapo ndipo alipolisikia kwa mara ya kwanza. Tangu matanga hakuna mtu aliyemwita Mama Espoir. Si Libérate, si muuza makaa, si wanafunzi wa zamani, si Noella, si padri. Hakuna aliyewaagiza. Kila mmoja kwa huruma yake, kwa kuogopa kumchoma, alilitoa lile jina mdomoni na kuweka la binti. Walimwonea huruma kimya kimya hivi kwamba yeye mwenyewe hakugundua. Wote walificha kifo kwa Sévère, wakakitangaza kila walipobisha hodi, na yeye alikuwa amelala pale dirishani mchana kutwa, mtu aliyetumia maisha yake kusikiliza neno moja, akisikia.

"Tangu lini? Tangu mwanzo?"

Get, alisema, karibu bila sauti.

Basi alijua Jumapili ya kwanza. Alijua wakati wa chumba, wakati wa godoro, wakati wa mchumba na kwaya yake. Alimwacha mdogo wake aseme, na alimwacha mke wake avae kitambaa, kwa sababu aliona wanavyojitahidi. Pudentienne alijikuta amekaa chini sakafuni, beseni limemwagika, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ambayo hakuitoa tangu mwezi wa nne. Alimlilia Espoir kwa jina, kwa nguvu, mchana kweupe, ndani ya parcelle yake, kiwanja chake mwenyewe. Majirani walisikia na hawakuja. Naamini walielewa.

Alipopunguza, alimuona Sévère akihangaika na mfuko wa shati. Alitoa kitu kilichokunjikakunjika, akakiweka kwenye mapaja ya mke wake. Lilikuwa boksi la dawa, tupu, limelainika kama kitambaa. Ndilo lile alilolinyanyua mbele ya Espoir. Alikuwa amelihamisha kutoka shati hadi shati muda wote huo, na mke wake aliyemfulia nguo hakuliona hata siku moja. Alijipiga ngumi kifuani, upande wa moyo, akasema get. Hii Pudentienne hakuwahi kuisikia, lakini hakuhitaji kufundishwa. Nilimtuma mimi. Akajipiga tena, kwa nguvu zaidi, mpaka Pudentienne akamkamata mkono.

"Hapana, Papa Espoir. Hapana. Usifanye vile."

Alikuwa bado anauvuta mkono ajipige.

"Ngoja. Kaa. Niko nakuja."

Aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa vitenge vyote akavitupa kitandani. Alirudi na nailoni. Fundo la kwanza lilimsumbua, akalifungua kwa meno. La pili aliliangalia kwanza, kwa kuwa vidole vya mwisho kuligusa vilikuwa vya mtoto wake, kisha akalifungua pia.

"Angalia. Alizipata. Zilikuwa hapa," akagusa kifua chake mwenyewe, "kwenye koti. Mara mbili alifunga, weye unamujua. Maji hayakuingia hata kidogo. Yeye maji yalimuchukua, lakini hizi alizikinga." Akamwekea boksi jipya kwenye magoti. "Alikuambia atakuletea. Hizi hapa. Zimefika. Utamukatalia?"

Sévère alichukua boksi kwa mkono wake mzima. Alilinusa. Alilishikilia kwenye shavu muda mrefu, na machozi yakashuka pande zote mbili za uso, upande ule mzima na ule uliokufa. Pudentienne alileta kikombe cha maji. Alitoa kidonge kimoja, akakiweka kwenye kiganja chake. Mume wake akafungua mdomo.

Baada ya hapo alijigusa kichwani, akasema get, na hiyo ilikuwa rahisi. Pudentienne alikwenda akaleta wembe na sabuni. Alimnyoa pale pale chini ya ubao, akikusanya nywele kwenye gazeti, na Victoire aliporudi shuleni alisimama getini, akaangalia kichwa cha baba yake, akaweka mfuko wa madaftari chini na kuja kumshikia mama yake ndoo.

Ngendakumana alikuja jioni kwa mambo ya Jumamosi. Alianza kuongea kabla hajafika kibarazani, kama kawaida yake. "Mukubwa, kijana anakusalimia sana, harusi wanafikiri mwezi wa nane, na wakwe wame..." Akaona kichwa cha kaka yake kinang'aa. Akaona kichwa cha shemeji yake, wazi. Mguu wake ulisimama kwenye ngazi ya kwanza.

"Get," alisema Sévère.

"Anasema ukae," Pudentienne alimwambia. "Anasema umechoka, shemeji. Tumechoka wote."

Ngendakumana alikaa kwenye ngazi, suruali yake nzuri ndani ya maji ya sabuni, akaficha uso. Tangu msiba hakuwa amelia. Alikuwa na harusi ya kupanga, kumbe.

Kilio kiliondolewa Jumamosi, nyumbani Nyamianda, si Kavimvira. Sévère alikaa kwenye kiti cha baba. Noella alikuja kumpima, akasema tension bado iko juu, imekaa juu muda mrefu mno, na hakuahidi kitu. Dawa ya Espoir ni ya mwezi mmoja. Wanaimeza polepole, wanavyosema wao, wote wawili, ingawa anayemeza ni mmoja.

Jumatatu asubuhi Libérate alipita na beseni lake. "Hodi, Mama Victoire," aliita.

Kutoka dirishani ikaja get moja kubwa, ya mwalimu, iliyomsimamisha na beseni kichwani.

"Anasema nini?" Libérate aliuliza.

Pudentienne alikuwa amesimama mlangoni, kichwa wazi, nywele zake nyeupe fupi zikipigwa na jua.

"Anasema uniite jina langu."

Libérate alishusha beseni. Alitazama chini, kisha akamtazama jirani yake machoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwezi wa nne.

"Umeamukaje, Mama Espoir?" alisema.